Fundi katengeneza msala, dari la ukumbi limeanguka: nianzie wapi?

SWALI: Shikamoo Mhandisi. Naishi Tudor, Mombasa, nyumba ya ghorofa moja. Mume wangu yuko kazini Doha. Nilimwita fundi, binamu yake wifi yangu, aufanye upya msala wa juu: avunje vigae vya zamani, aweke mabomba ya plastiki ya PPR na shawa mpya, kisha apige vigae. Tulipatana shilingi 85,000 za ufundi, vifaa ninunue mimi. Nimemtumia 60,000 kwa M-Pesa. Hatukuandikiana chochote. Wiki tatu baada ya kumaliza, dari la jipsamu la ukumbini limefura, kipande kikaangukia televisheni na kochi, na soketi ya ukutani inatoa cheche. Fundi asema bomba la zamani ndilo lililooza, na haji mpaka nimmalizie 25,000 zake. Wifi asema nisimwaibishe ndugu yake. Jirani amenitafutia fundi mwingine, yuko tayari kuvunja kesho asubuhi. Nifanye nini? (Mwenye Dari Lililofura, Tudor)

JIBU: Marahaba, dada. Huyo fundi wa kesho asubuhi mwambie asubiri. Simjui na sina neno baya juu yake, ila akishapiga nyundo, ushahidi wa nani alikosea utatoka nje kwa toroli pamoja na kifusi. Hilo nitalirudia, maana kesi nyingi za namna hii nilizoitwa kutoa maoni zilikuwa zimeshaharibika hapo. Lakini kwanza soketi.

Soketi inayotoa cheche penye ukuta uliolowa haiguswi. Usichomoe kitu, usiipanguse. Nenda kwenye sanduku la swichi uzime laini ya soketi hiyo. Kama hujui ni ipi, zima swichi kuu mlale na taa za betri. Ukikuta sanduku lenyewe limelowa, au pale unaposimama pana maji, usilishike; waite Kenya Power wakate kutoka nje. Kisha mtafute fundi umeme mwenye leseni ya EPRA, mamlaka ya nishati, aje apime nyaya kabla umeme haujarudishwa, na umwombe aandike alichokikuta, hata kama ni mistari mitatu, na kukupa risiti. Televisheni usiiwashe kuona kama bado nzima. Iache ikiwa haina umeme mpaka ikaguliwe.

Halafu funga koki inayopeleka maji msala wa juu. Kama msala huo hauna koki yake peke yake, funga inayotoka kwenye tangi, mtumie ndoo kwa siku mbili tatu. Jipsamu iliyokunywa maji huwa nzito kuliko inavyoonekana na huachia bila kutoa sauti, kwa hiyo mtu asikae chini ya sehemu iliyofura, watoto hasa. Piga picha na video kila kitu kikiwa pale pale kilipo: kipande juu ya kochi, televisheni, alama za maji ukutani, msala wa juu. Baada ya hapo ndipo usogeze vitu. Kipande cha dari kilichoanguka kiweke mahali pakavu, usikitupe.

Sasa tuje kwenye chanzo, na hapa nitakaa kidogo, kwa sababu wewe na fundi wako mnabishana juu ya jambo ambalo hakuna kati yenu aliyelipima.

Maji ya msalani yana njia tatu za kulifikia dari lako. Ya kwanza ni bomba linaloleta maji, ambalo lina maji ndani saa zote, mtu aoge asioge. Ya pili ni bomba la maji machafu, ambalo huvuja pale tu maji yanapopita. Ya tatu ni sakafu yenyewe na kuta za pale penye shawa, ambazo hupitisha maji pakiwa pamelowa. Kila njia ina mkosaji wake na gharama yake, na zinaweza kutenganishwa bila kuvunja kigae hata kimoja.

Anza na bomba la maji safi, lakini baada ya fundi umeme kusema ukumbi uko salama, na ndoo zikiwa tayari chini. Nadhani una tangi juu ya paa kama sisi sote Mombasa. Lijaze, funga maji yanayoingia, funga na koki ya tangi la choo ili lisikudanganye, fungua koki ya msala wa juu, na usiku watu wakishalala weka alama ya kimo cha maji. Mtu asitumie maji mpaka asubuhi. Yakishuka, rudia usiku wa pili, koki ya msala wa juu ikiwa imefungwa. Usiku wa kwanza yakishuka na wa pili yasishuke, basi linalovuja ni bomba la msala huo. Jaribio hili lina udhaifu: katika tangi lenye upana wa mita moja, kila sentimita moja ya kimo ni karibu lita nane, kwa hiyo tone dogo la usiku mmoja laweza lisionekane kwa macho. Ukiona maji hayakushuka na bado una shaka, mwite mtu mwenye pampu ya mkono ya kupimia mabomba. Bomba hujazwa maji, hutiwa shinikizo kubwa kuliko la kawaida, kisha geji hutazamwa. Sindano ya geji ikirudi chini, kuna mahali panapotoa.

Na hicho kipimo cha pampu ndicho fundi wako alitakiwa akifanye kabla ya kufunika mabomba kwa plasta. Muulize kama alikifanya. PPR huungwa kwa joto: bomba na kiungo chake huwekwa kwenye mashine yenye joto la takriban nyuzi 260, kisha husukumwa kimoja ndani ya kingine. Likipata joto kidogo, au umeme ukicheza wakati wa kuunga, kiungo huonekana kizima kwa nje ilhali ndani hakikushikana. Kila mita kumi za kimo cha maji hutoa shinikizo la takriban bar moja. Tangi lililo mita tatu juu ya shawa yako halifikishi hata nusu bar. Ndiyo maana kiungo kibovu katika nyumba kama yako hakirushi maji siku ya kwanza. Hutoa jasho kidogo kidogo, maji yakatambaa juu ya slebu, ile sakafu ya zege, mpaka yapate pa kushukia, na wiki tatu baadaye dari likafura. Kwa hiyo fundi akikwambia "ingekuwa ni kazi yangu ingevuja siku ile ile", mkatalie.

Ukimaliza bomba la maji safi, nenda sakafuni. Ziba tundu la maji machafu kwa mfuko wa plastiki uliojazwa mchanga, mimina maji ya kina cha sentimita mbili hivi pale chini ya shawa, weka alama kwa penseli, acha saa 24. Tone likitokea chini wakati huo, sakafu inapitisha. Lisipotokea, zibua maji yaende yote kwa mkupuo. Tone likitokea sasa, tatizo liko kwenye tundu au bomba la uchafu. Ikiwa pia hakuna kitu, subiri dari likauke, kisha mwagia ukuta kwa shawa ya mkono kwa nusu saa, bila kulowesha sakafu zaidi ya lazima. Usichanganye majaribio haya siku moja, maana slebu huhifadhi maji na kuyatoa kwa kuchelewa, na utamhukumu asiye na hatia. Kila jaribio lichukuliwe video, mtu mmoja asiye wa nyumbani akiwepo.

Kama ni sakafu, jua kwamba grauti kati ya vigae si kizuizi cha maji, hata iwe ya bei gani. Kizuizi ni ile dawa inayopakwa chini ya vigae, kwa kawaida mikono miwili, ikipanda ukutani kiasi cha sentimita 15 kuzunguka chumba na kufikia kimo cha mtu pale penye shawa, na hujaribiwa kwa maji kabla kigae cha kwanza hakijawekwa. Tazama risiti zako za dukani. Je, dawa hiyo imo? Kama haimo, ni nani aliyeandika orodha ya vifaa? Kama fundi ndiye aliyeandika na hakuitaja, hilo ni lake, hata kama vifaa ulinunua wewe, kwa sababu ulimlipa ajue usichokijua. Kama aliitaja na wewe ukaikata kwa ajili ya bei, basi mzigo ni wako, na ni bora ulikubali sasa kuliko kulisikia kwa mara ya kwanza kutoka kinywani mwake mbele ya watu.

Hoja yake ya bomba la zamani nisingeidharau. Huenda anasema kweli, na bado akawa na makosa. Nyumba nyingi za zamani zilijengwa na mabomba ya chuma, na maji ya visima vya Mombasa yenye chumvi huyala kutoka ndani. Mtu akivunja vigae kwa nyundo na patasi mita moja kutoka bomba kama hilo, mtikisiko peke yake unaweza kufungua kiungo cha zamani. Na mahali panapovuja mara nyingi ni pale PPR mpya inapokutana na chuma cha zamani, kiungo ambacho yeye ndiye aliyekifunga. Fundi makini akikuta chuma kimeoza husimama, humwita mwenye nyumba, humwonyesha, na kusema bei ya kuendelea mbele. Alikuita? Alikutumia picha? Kama hakusema kitu akafunika, hawezi leo kulitumia lile lile bomba kama kinga yake. Lakini kama uvujaji uko kwenye bomba asilolifikia wala kulitikisa, chumba kingine au mbali na kazi yake, basi mwachilie. Kuna mafundi wanaobebeshwa uzee wa nyumba za watu.

Jambo moja zaidi la kutazama, na hili si la fundi wa mabomba. Alipopitisha mabomba sakafuni, alichimba slebu? Kama alichimba mifereji mpaka nondo zikaonekana, au Mungu apishe mbali akakata nondo, mwite mhandisi aliyesajiliwa na Engineers Board of Kenya aje atazame kabla mtu yeyote hajafukia tena. Nondo iliyolowa maji ya chumvi hutia kutu, kutu huvimba, na zege hupasuka. Picha ulizopiga wakati wa kazi, hata zile za kumtumia mume Doha, zinaweza kuonyesha hilo. Zitafute kwenye WhatsApp yenu.

Hata kama hakuchimba, mwite mhandisi au mkaguzi wa kutazama uvujaji, na akija mwombe ripoti ya ukurasa mmoja au miwili: nini kimevuja, kwa sababu gani, nini kifanywe, kwa bei ya kadiri gani. Asiwe mtu atakayepewa kazi ya kurekebisha. Anayetaraji kazi ya 100,000 ana sababu ya kusema kila kitu kivunjwe.

Kuhusu kutoandikiana: usihuzunike sana. Sheria ya Kenya inadai maandishi katika mambo kama uuzaji wa ardhi na udhamini wa deni la mtu mwingine. Kumwajiri fundi wa msala kwa mdomo ni mkataba halali. Kazi yako ni kuonyesha ulikuwepo na masharti yake, na hiyo unayo zaidi ya unavyodhani. Taarifa ya M-Pesa inaonyesha tarehe, jina na kiasi. Ujumbe wa sauti wa "dada nitumie kidogo ninunue nauli, kesho namaliza" ni ushahidi. Orodha ya vifaa kwa mwandiko wake ni ushahidi. Hata dai lake la 25,000 ni ushahidi, maana anakiri kwamba bei ilikuwa 85,000 na kwamba kazi ni yake. Usifute chochote, usibadilishe simu bila kuhifadhi. Zichapishe karatasini, na uandike pia cheti kifupi cha kueleza zimetoka simu gani na zimechapishwa vipi, kwa kuwa kifungu cha 106B cha Sheria ya Ushahidi kinadai hivyo kwa kumbukumbu za kielektroniki. Isitoshe, Sheria ya Kulinda Watumiaji ya 2012 humchukulia anayetoa huduma kuwa amedhamini kwamba ina ubora unaokubalika, hata kama mdomoni hakusema.

Zile 25,000 usimpe. Lakini pia usimwambie "sikulipi". Kuna tofauti kubwa kati ya mtu anayekataa deni na mtu anayeshikilia salio mpaka kazi ijulikane ilivyo, na tofauti hiyo itaonekana kwenye maneno yako. Mwandikie kitu cha namna hii, kwa WhatsApp na kwa karatasi iliyosainiwa, na karatasi apewe mbele ya mtu:

"Salaam aleikum Fundi. Tarehe fulani ulimaliza kazi ya msala wa juu nyumbani kwangu Tudor, kwa mapatano ya shilingi 85,000 za ufundi. Nimelipa 60,000. Tarehe fulani maji yalivuja, dari la ukumbi likaanguka, likaharibu televisheni na kochi, na soketi ikapata hitilafu. Nakuomba ufike siku fulani saa fulani, tukague pamoja na mhandisi kabla ya kitu kuvunjwa. Chanzo kikijulikana kuwa ni kazi yako, uirekebishe bila malipo ya ziada kufikia tarehe fulani. Shilingi 25,000 zilizobaki ninazo na zitahesabiwa katika kulimaliza jambo hili. Usipofika wala kujibu, nitampa fundi mwingine kazi hiyo na gharama nitakudai wewe."

Mpe siku saba. Humo hamna "mwizi", hamna "tapeli", hamna picha yake kwenye grupu la mtaa. Najua hamu ya kumweka kwenye grupu la mtaa, lakini ukimchafua jina kabla ya kupima, utakuwa umempa na yeye dai. Kwa upande mwingine, kumpa nafasi ya kurekebisha si hisani. Anayedai fidia hutakiwa aonyeshe kwamba alijitahidi hasara isikue, na fundi aliyenyimwa nafasi atalalamika kwamba angeitengeneza kwa 5,000 wewe ukatumia 50,000.

Akija, mambo matatu yasimamie bila aibu. Pafunuliwe mbele ya mhandisi na picha zipigwe kabla ya kugusa. Bomba au kiungo kilichotolewa kibaki kwako. Na hakuna kufunika mpaka pampu ya kupimia ishikilie, na maji yakae sakafuni saa 24. Akija na tyubu ya silikoni akapaka pembeni mwa vigae akasema "nimemaliza", mrudishe. Silikoni hukutuliza mwezi, maji yakaendelea kutembea chini. Mfundishe pia kwamba dari jipya halipigwi wala halipakwi rangi mpaka slebu ikauke, na kwa unyevu wa hewa ya Mombasa hiyo inaweza kuchukua wiki kadhaa. Anayeharakisha rangi anaficha kitu, au hajui.

Asipokuja, chukua bei za maandishi kwa mafundi wawili, na huyo wa jirani anaweza kuwa mmoja wao, kisha fanya kazi. Hesabu dai lako kwa haki. Tuseme kurekebisha msala ni 46,000, dari na rangi 28,000, televisheni 15,000, kusafisha kochi 6,000. Hiyo ni 95,000. Toa 25,000 ulizoshikilia, unamdai 70,000. Televisheni ya miaka mitano huidai kwa thamani yake ya sasa, sio bei ya mpya dukani. Na ukiamua kwenye marekebisho kuweka vigae vizuri kuliko vile vya kwanza, nyongeza hiyo ni yako. Gharama ya mhandisi na fundi umeme iongeze, ukiwa na risiti. Kama nyumba ina bima, hata ile iliyowekwa na benki kwa ajili ya mkopo, soma karatasi zake na utoe taarifa mapema: bima nyingi hazilipii ufundi mbovu wenyewe, ila huenda zikalipia madhara ya maji.

Watu watakushauri mengi hapa kati. Wengine watakwambia umshikie zana zake, kama ameacha stoo hata ile mashine ya kuungia mabomba. Usifanye. Mrudishie, aandike amezipokea. Ukizizuia zana za mtu umegeuka mshitakiwa katika kesi yako mwenyewe, na umemnyima njia ya kupata pesa za kukulipa. Wengine watasema polisi. Kazi mbovu si jinai. Polisi wana nafasi kama alichukua pesa au vifaa kwa ulaghai, na wewe hukusema hivyo. Chifu na wazee wa mtaa wanaweza kuwakalisha na kuwasuluhisha, na mara nyingi hilo hutosha, lakini hawana uwezo wa kuamuru alipe. Na kwa kuwa huulizwa kila mara: Kadhi hasikilizi mambo haya. Mahakama yake ni ya ndoa, talaka, mirathi na hadhi ya mtu kwa sheria ya Kiislamu.

Pa kwenda ni Mahakama ya Madai Madogo, iliyoundwa kwa sheria ya 2016. Inasikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni moja, yakiwemo ya mikataba ya huduma na ya uharibifu wa mali, na sheria inataka uamuzi utoke ndani ya siku 60 tangu kufunguliwa. Unaweza kusimama mwenyewe bila wakili, na mahakama hiyo haifungwi kikamilifu na kanuni kali za ushahidi. Fundi naye anaweza kuleta dai lake la 25,000 humo humo, likahesabiwa pamoja na lako. Ndiyo maana nimekwambia uzitoe mwenyewe mapema kwenye hesabu ya dai lako. Rufaa huenda Mahakama Kuu, kwa hoja za kisheria peke yake. Kuhusu muda usiwe na wasiwasi wa wiki hizi: dai la mkataba lina miaka sita, la uzembe uliosababisha hasara lina miaka mitatu. Ila slebu haisubiri miaka, wala kumbukumbu za mashahidi. Na mdai awe wewe uliyepatana naye, hata kama pesa zilitoka Doha; mume aandike tu kwamba alikutumia kwa kazi hiyo.

Kabla ya kufungua, jiulize swali ambalo mawakili hulisema mwisho: huyu mtu ana nini? Fundi wa kutwa asiye na duka wala gari, ukishinda 70,000 utakuwa umeshinda karatasi, na kumfukuzia ni kazi nyingine. Kwa mtu kama huyo mimi ningependelea mapatano: yeye atoe ufundi bure chini ya jicho la mhandisi, asamehe 25,000, na alipe dari kwa awamu, 5,000 kila mwezi. Yaandikwe, yasainiwe, mashahidi wawili. Kama kumbe ni mkandarasi mwenye kampuni iliyosajiliwa na National Construction Authority, mambo ni tofauti: ana jina la kulinda na mali ya kukamatwa, na malalamiko kwenye mamlaka hiyo yatamsumbua, ingawa si wao watakaokurudishia pesa. Jina lake unaweza kulitafuta kwao kabla hujaamua.

Sasa wifi. Mwambie leo, usingoje asikie kwa binamu yake, kwa kuwa toleo la kwanza la habari hukaa. Mwonyeshe video ya dari na ule ujumbe uliouandika, aone mwenyewe hamna tusi. Usimwombe akudaie, na usikubali awe mjumbe wa kupeleka na kuleta maneno. Fundi ana simu. Unachoweza kumwomba ni kitu kimoja, amsihi binamu yake afike siku ya ukaguzi. Ikiwa bomba la zamani ndilo lenye makosa, siku hiyo ndiyo itakayomsafisha, na utamlipa 25,000 zake pale pale mbele yake wifi. Ikiwa ni kiungo chake, atakuwa amekiona kwa macho yake, na aibu aliyoiogopa wifi haitakuwa umeileta wewe.